Senene wa Mugasha

Tangu nirudi, cherehani yangu haijapata amani. Kila anayepita kibarazani kwangu hapa Rwamishenye anasimama, anajifanya kifungo chake kimelegea, kisha anauliza, "Samweli, hivi huko Kimwani ilikuwaje?" Nimeeleza mpaka mate yamenikauka, na kila habari hiyo inaporudi kwangu kutoka sokoni naikuta imeota mkia mwingine. Juzi nimeambiwa kwamba nilitembea juu ya maji ya ziwa. Sikutembea. Viatu vyangu viliingia kwenye dimbwi karibu na Muleba, na hadi leo havijakauka vizuri. Basi nimeamua kuandika yote kwa mkupuo mmoja. Mwenye kusoma asome, asiyejua asomewe, na vifungo mniletee vilivyokatika kweli.

Mnamjua dada yangu Koku. Kabla hajaolewa sauti yake katika kwaya ilisikika hadi barabarani, na wengine wenu mlikuwa mnakuja kanisani kwa ajili hiyo tu, msinibishie. Mwaka jana alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Tangu siku hiyo chakula kilimkataa. Alikuwa akileta tonge mdomoni, analitazama, analirudisha. Hospitali walimpima, wakampa dawa ya chupa, wakasema hawaoni ugonjwa. Mumewe Elias, kijana mpole, alimleta kwangu na macho mekundu, akasema yeye amefika mwisho wa akili zake. Mimi nilikuwa nimemshonea Koku gauni la bluu, la pili la harusi yake, lile la kuvaa baada ya sherehe, na kila alipokuja nililibana kidogo ubavuni. Nilibana hadi nikaona kwamba siku moja sindano itakosa cha kushona. Niliogopa sana.

Kaskazini kwanza

Kimwani iko kusini, kwa hiyo sisi tulianza kwa kwenda kaskazini. Sababu ni Shangazi Adela, anayeishi Kashozi, na katika ukoo wetu hakuna jambo linaloanza bila yeye. Baba yetu alikuwa Mlutheri na Shangazi ni Mkatoliki. Waligawana dini kama watu wanavyogawana kibanja, na kila mmoja alikufa, au atakufa, akiamini kwamba yeye ndiye aliyepata upande wenye migomba mizuri.

Nilikwenda kumwomba ushauri na sala. Alituandalia ndizi na maharage, akakaa kumtazama Koku asivyokula. Koku akapiga miayo. Alikuwa akipiga miayo mirefu miezi yote hiyo, nasi tulidhani ni udhaifu. Shangazi akaweka sahani chini na kuuliza hiyo miayo imeanza lini. Nikamwambia. Akasema bibi yetu alipiga miayo hivyohivyo kabla Mugasha hajampanda.

Kwa wale mliozaliwa mkiwa tayari mmebatizwa: Mugasha ndiye mwenye ziwa, mvua na upepo, ambaye wazee wetu walimjengea vibanda migombani kabla hatujapata makanisa ya kugombania. Anayepandwa naye anaitwa mbandwa, na bibi yetu alikuwa mmoja. Alipokufa hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake. Shangazi alisema kigoda kikikaa tupu muda mrefu mwenyewe huja kumtafuta mtu, na humtafuta aliye na jeraha, kwa sababu hapo ndipo pana mlango.

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwanakwaya. Nikamkumbusha pia kwamba yeye ana rozari shingoni.

"Samweli," akasema, "Mungu ana kazi nyingi. Haya ni mambo ya ukoo. Ukiitwa na watu wa ukoo, humtumi Mungu akakuitikie."

Jibu lake nalitafuta hadi leo. Basi safari ikaamuliwa, ila haikuanza, kwa sababu Shangazi alikuwa na misa ya Jumapili, halafu kahawa yake ilikuwa juani na hakumwamini mtu kuigeuza, halafu akafa jirani ambaye hawakuelewana naye, na asingekosa mazishi yale kwa lolote. Nilirudi Rwamishenye kumsubiri.

Siku ya kuondoka, mke wangu Ester alinifungia ndizi za kuchemsha za wote, na pembeni kifurushi kidogo cha jani la mgomba lililokauka. Ndani yake walikuwa senene, wale panzi wetu, wa mwisho wa msimu, waliokaangwa wakakaushwa hadi wanalia mdomoni. Mjuavyo, kwetu mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, kisha humpa mumewe, na yeye mwenyewe hawali. Ester huwatia chumvi ya kutosha kabisa bila kuonja hata mmoja, na huo ni ujuzi ambao sijawahi kuuchunguza kwa karibu.

Juu ya magunia ya chumvi

Lori lilikuwa la Bwana Seifu, Mwislamu wa mjini Bukoba, ambaye babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akaonja ndizi zetu, asirudi tena. Kiswahili chake ni kile chenye sukari. Sisi tuliojifunza shuleni tukikaa naye tunajisikia kama watu wanaosoma kwa sauti. Alikuwa anapeleka chumvi na vitambaa kwenye maduka ya Muleba. Shangazi alipanda mbele pembeni yake bila kuulizwa, mimi na Koku tukakaa nyuma juu ya magunia, nikamfunika dada yangu kwa turubai.

Kufika Muhutwe injini ilikuwa inachemka kama chungu cha maharage. Tukangoja ipoe. Mbele ya hapo barabara ilikuwa imelowa, na gurudumu la nyuma likazama hadi nusu. Bwana Seifu alishuka, akalitazama, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu anayetukana. Abiria wote tulishuka kusukuma. Shangazi aliongoza kwa kusali rozari, na kila alipofika kwenye "amina" sisi tulisukuma. Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri, ingawa ilitulazimu kungoja sala nzima kati ya msukumo mmoja na mwingine, na lori likawa linarudi palepale huku Bikira Maria akisalimiwa.

Wakati wa kupumzika Bwana Seifu aliuliza tunampeleka wapi mgonjwa. Shangazi akamwambia waziwazi. Nilitaka kuingia chini ya lori. Wanakwaya wenzangu mnajua jinsi habari zinavyopanda gari kutoka Muleba na kufika Bukoba kabla ya dereva.

Lakini yeye hakucheka. "Mama yangu mzazi alipungwa," alisema. "Sisi mambo haya tunaita kupunga pepo. Watu wanakwenda hospitali, wanakwenda msikitini, kisha jioni wanakwenda kwa fundi wa pepo na kanga mpya. Ila wetu wanapenda marashi na halua. Wenu wanapenda nini?"

"Wetu wanasema wenyewe wakifika," Shangazi akamjibu. "Wala hawaulizwi na dereva."

Nikawaacha wakibishana kuhusu pepo gani wana adabu zaidi, nikaenda nyuma ya mibuni kidogo. Njaa ilikuwa inauma na ndizi zilikuwa za wote, kwa hiyo nilifungua kile kifurushi nikala senene wachache, kwa heshima, nikiwa nimewapa watu mgongo kama mwanamume anavyopaswa. Niliporudi Koku alikuwa ananitazama mdomo. Nikajifuta. Akapiga miayo, akageukia upande wa ziwa.

Mgonjwa wa Muleba

Tulifika Muleba jioni, tumechafuka sote hadi hatutambuani. Tulipokelewa na Mzee Kagaruki, mtu wa ukoo wetu, mwenye nyumba kubwa na wake wa kaka zake wakiwa wengi uani. Shangazi alikuwa amemtumia salamu mapema kwamba anapita na mgonjwa wa kupelekwa Kimwani. Hakusema mgonjwa ni nani.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilipoingia tu mlangoni, kabla hata salamu hazijaisha, nikapiga miayo.

Mzee Kagaruki akanishika mkono taratibu, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Mwanamke mmoja akanifunika blanketi. Mwingine akaniletea kahawa za kutafuna, akanitia mkononi moja moja, kana kwamba nikipewa zote ningejidhuru. Wakaanza kusema nami polepole na kwa sauti kubwa. Mzee akamwambia Shangazi kwamba inasikitisha, mwanamume mzima na tumbo lake, lakini Mugasha hachagui.

Nikamtazama Shangazi asahihishe. Shangazi alikuwa anamtazama Koku. Koku alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake, na pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imepanda. Sikuwa nimeona hivyo tangu mazishi ya mtoto. Basi Shangazi akageuka, akawaambia wenyeji kwa uso mkavu kwamba kweli hali yangu si nzuri, na kwamba bado hatujajua ni nani aliyenipanda, huenda ni wa usingizi.

Nikakubali. Nikapiga miayo mingine kwa makusudi, mirefu zaidi. Wanawake wakasema "Mawe!", yaani "Mama wee!", wakarudi nyuma. Pembe ile ya mdomo ikapanda tena kidogo. Nililishwa samaki kwa mkono wa mtu mwingine usiku ule, ndugu zangu, na sioni aibu yoyote.

Koku aligusa ndizi yake kwa ncha ya ulimi, akairudisha.

Hapo tu

Kutoka Muleba hadi Kimwani hakukuwa na lori la kutufaa. Tulikwenda kwa miguu, na Koku akapakiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mkulima mmoja wa huko aliyekuwa anarudi kwake. Alikuwa mtu mwema, anaisukuma baiskeli bila kulalamika, ila alikuwa na kasoro moja. Kila nilipomuuliza Kimwani iko wapi alinyoosha midomo mbele na kusema, "Hapo tu."

Tulipita rweya, yaani yale majani matupu ambako hakuna mgomba wala kivuli. Hapo tu. Tukashuka bonde, tukapanda. Hapo tu. Shangazi alivua viatu akavitundika begani, akasema Bwana Yesu mwenyewe hakuvaa viatu vya kubana. Mimi nilibeba mizigo yote, na kile kifurushi nilikuwa nimekihamishia ndani ya koti, kifuani, kisipondwe. Mara mbili nilibaki nyuma kwa haja ndogo ambayo haikuwa haja ndogo.

Upepo wa ziwa ulipoanza kutufikia Koku aliinua kichwa. Mkulima akasimamisha baiskeli akamtazama, akavua kofia. Tangu hapo hakusema "hapo tu" tena. Alisema, "Tumefika, waitu," neno la kumheshimia bwana, na alikuwa anamwambia Koku, si mimi niliyekuwa nauliza.

Shule isiyo na ubao

Nilitegemea kukuta mafuvu na mtu mwenye macho ya kutisha. Nilimkuta mama mzee anapukuchua maharage na kulalamikia magoti. Huyo ndiye Nyakato, mkuu wa mambandwa wa upande ule. Aliuliza nani amesimama kwa niaba ya nyumba ya baba wa mgonjwa. Nikasema ni mimi. Akanitazama juu hadi chini, akapumua kama mteja aliyeonyeshwa kitambaa kisicho cha rangi aliyoitaka, akasema basi, ndiye tuliyepewa.

Koku akaingizwa nyumba ya msonge iliyokuwa katikati ya migomba, na mafunzo yakaanza. Ya ndani sikuyaona. Anayewaambia ameyaona anawauzia hewa. Ya nje niliyaona yote, maana kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni.

Mwanafunzi hasomeshwi kwa upole. Walimtuma achote maji kwa kikapu. Akarudi mtupu, wakamwita mvivu. Walimwambia atundike chungu kwenye utando wa buibui. Alipopiga miayo walimuuliza kama ni mdomo au pango la popo. Niliinuka kumtetea. Kosa kubwa. Walinigeukia mimi, mambandwa wote, wazee na heshima zao, wakanipa kamba wakaniamuru niufunge moshi usitoke nje ya nyumba. Nilikaa na ile kamba mchana mzima. Watoto wa kijiji kizima walikuja kunitazama, na moshi ulitoka.

Nikaanza kuelewa kidogo, maana hata mimi nina wanafunzi wa cherehani. Mwanafunzi haanzi kwa kukata kitambaa cha mteja. Kwanza anavunjwa kiburi, tena anazoeshwa kukaa. Walimfundisha Koku kukaa kwenye kigoda kama mfalme, magoti mbali mbali, na kasia la mtumbwi mkononi, maana Mugasha ni mtu wa majini. Walimfundisha kupokea salamu bila kuharakisha kujibu. Dada yangu, aliyezoea kupiga magoti mbele ya baba, mbele ya mume, mbele ya mama mkwe na mbele yangu, alifundishwa kutazama watu wakimpigia magoti yeye. Mwanzoni alikuwa anashuka kutoka kwenye kigoda kwa aibu. Wanamrudisha, anashuka, wanamrudisha.

Lakini hakuwa anakula. Walimpa maji na juisi ya ndizi mbivu, basi. Mkono wake uliposhika lile kasia niliona mifupa yote. Nikamwendea Nyakato, nikamwambia kwamba nimevumilia kamba, nimevumilia matusi, lakini dada yangu asipokula hadi kesho nitambeba mgongoni turudi Bukoba. Nilisema kwa ukali, na sauti ikanikatika katikati.

Nyakato hakuchukia. Aliendelea na maharage yake.

"Nyumba ikingoja mgeni mkubwa," akasema, "mwenye nyumba haanzi kula. Ngoja mgeni afike."

Mgeni

Alifika alasiri, na upepo. Migomba ilianza kupiga makofi, ziwa likageuka rangi huko chini, ngoma zikapigwa, wakamtoa Koku nje. Alikuwa amevaa mbugu, kile kitambaa cha magome, na mshipi wa simbi kiunoni ambazo baadhi nilizishona mimi mwenyewe. Walimkalisha kwenye kigoda. Alipiga miayo mirefu sana, ikafuata mingine, na mingine, halafu mgongo wake ukanyooka.

Sitawaambia kilichoingia. Sijui. Ninachojua ni kwamba aliyefungua macho hakututazama kama Koku anavyotazama.

Shangazi Adela alikuwa wa kwanza kupiga magoti, rozari mkononi na yote. "Kasinge, waitu," alisema, salamu ile ya wafalme. Wote wakaenda chini kama majani ya rweya. Nikabaki nimesimama peke yangu, mtu mnene katikati ya uwanja. Nilijiambia kwamba magoti haya yana kibali cha kanisani tu.

"Mshona nguo," Koku akasema. Sauti ilitoka chini kabisa kifuani. "Umeniletea nini?"

Nikataja tulivyoleta: kipande cha kitambaa cheupe, chumvi, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akasukuma yote pembeni kwa kasia.

"Umebeba chakula changu tangu Rwamishenye. Unakila peke yako nyuma ya mibuni."

Ndugu zangu, nilihisi kile kifurushi kifuani kama kaa la moto. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikafungua mdomo na, Mungu anisamehe, nikamjibu kile ambacho mwanamume yeyote wa Kihaya angejibu bila kufikiri.

"Lakini hicho ni chakula cha wanaume."

Shangazi aligeuza kichwa akiwa bado chini. "Samweli," akaniuliza kwa upole ambao hajawahi kunitumia tena, "unadhani unaongea na nani?"

Nikafikiri. Nadhani sijawahi kufikiri haraka namna ile. Kama aliye mbele yangu ni Mugasha, basi ni bwana mkubwa kuliko wanaume wote walioko hapa, na senene ni halali yake. Na kama si Mugasha, kama ni dada yangu tu, basi dada yangu ameomba chakula. Dada yangu ameomba chakula kwa mdomo wake mwenyewe. Niligeuza jambo hilo huku na huku na kila upande jibu lilikuwa lilelile.

Nikapiga magoti. Nikatoa kifurushi, nikakifungua jani kwa jani, nikakiinua kwa mikono miwili. "Kasinge, waitu."

Alichukua mmoja, akamtazama. Niliujua mtazamo ule, ndio ule wa kurudisha. Akamtia mdomoni, akatafuna, na tulikuwa kimya kiasi kwamba sote tulimsikia analia katika meno. Akachukua mwingine. Alikula polepole, kifalme, hakuongea na mtu, na hakubakiza hata kichwa kimoja. Kisha akalamba chumvi kwenye jani.

Nililia hadharani, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la Kimwani, na mkisikia sokoni kwamba nililia, hiyo ni kweli.

Kurudi

Upepo ulipotulia Koku alizinduka, akauliza kwa sauti yake ya kawaida kwa nini mdomo wake una chumvi. Shangazi akamwambia mgeni amekula. "Na mimi?" akauliza Koku. Wakamletea ndizi iliyopondwa. Akala nusu. Kesho yake akala yote, akauliza kama kuna samaki.

Nyakato alitupa masharti tulipoaga. Kila mwezi ukiandama, Koku akae kwenye kigoda cha bibi, mgeni apokelewe, na nyumba impikie anachotaka. Mumewe naye apige magoti siku hiyo kama wengine. Nilijitolea kumfikishia Elias ujumbe huo mimi mwenyewe, kwa furaha ambayo sikuificha. Na nilipouliza, mgeni yule kajuaje habari za nyuma ya mibuni, Nyakato alinijibu kwamba Mugasha ni upepo, na upepo una pua. Shangazi akasema hata yeye, asiye upepo, alisikia harufu ile tangu Muhutwe.

Turudi kwenye lori. Bwana Seifu alitukuta Muleba na mzigo wa kahawa, akamtazama Koku anavyomenya ndizi, akasema "Mashaallah" na safari hii hakuwa anatukana. Mzee Kagaruki alikuja kuniaga mimi, akanishika mikono, akasema anafurahi kuniona nimepona.

Juu ya magunia ya kahawa, karibu na Muhutwe, Koku alinivuta sikio kama zamani.

"Kaka," akasema, "mle ndani waliniuliza jina la mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Watu waliniambia nisahau, nitapata mwingine."

Nikamwomba anitajie. Alinitajia. Lilikuwa jina zuri, na sitaliandika hapa kwa sababu ni lake. Alilirudia mara kadhaa barabarani, si kwa huzuni sana, kama mtu anayejaribu sauti ya wimbo aliouacha zamani.

Msimu wa senene umeingia tena wiki hii, mmeona wenyewe, mji mzima unaruka. Jana Koku alikuja kutoka kwa mumewe na lile gauni la bluu chini ya kwapa, akanitupia juu ya cherehani. Linambana. Nilifumua mishono yote niliyokuwa nimeibana, mmoja baada ya mwingine, na ndani yake kitambaa kilikuwa bado kina bluu ya dukani, haijaguswa na jua. Sasa gauni lina mistari miwili ubavuni. Nilitaka kumshonea jingine. Amekataa, anasema analitaka hilohilo.

Mwezi uliandama jana hiyohiyo, kwa hiyo mgeni alikuja palepale kwangu, na Ester akaleta ungo wa senene wa moto. Mgeni akala, nasi tukiwa chini. Alipokwisha kuondoka, ungo ulikuwa bado umejaa nusu. Nikausogeza upande wangu, kama desturi ilivyo.

Nikasikia nyuma yangu mke wangu anapiga miayo. Mirefu. Nikageuka. Ester alikuwa amekaa wima kabisa kwenye kiti changu, magoti mbali mbali, mwiko wa kusongea ugali mkononi, ananitazama bila kuharakisha.

Nilimtazama Koku, naye akatazama dari. Basi nikauinua ungo kwa mikono miwili, nikapiga magoti.

"Kasinge, waitu," nikasema. "Chumvi imetosha?"